Albert Claude, mtu aliyefungua selule



Katika bulletini hii tumekwisha soma maisha ya wafalme, ya wahubiri, ya waandishi na ya watu waliopigania uhuru. Safari hii nimechagua mtu ambaye wenye sayansi wa dunia nzima wanamjua, lakini hapa kwetu jina lake halitajwi sana, hata kama kila mwaka tunachora kazi yake katika kaye zetu. Wale wa bio-kimia wananielewa. Mwalimu anachora duara kubwa ubaoni: hii ni selule. Kandokando anaweka ngozi yake, katikati kiini, halafu vitu vidogo vidogo vyenye majina magumu: mitokondri, ribosomu, retikulumu. Tunayashika kwa kichwa juu ya interogasio, na kesho yake tumesahau. Mimi mwenyewe siku moja niliuliza: nani aliyeingia mule ndani mpaka akajua kama kuna vitu vile? Mikroskopi ya shule inatuonyesha ngozi ya kitunguu na vyumba vyake, na kiini kama doa. Zaidi ya pale ni ukungu tu, sawa ule wa asubuhi hapa Alimbongo.

Mmoja wa watu walioondoa ukungu ule ni Albert Claude.

Alizaliwa Longlier, kijiji cha kusini ya Ubelgiji, katika inchi ya misitu wanayoita Ardenne. Vitabu vingi vinaandika mwaka 1899, vingine 1898. Milima yao si kitu mbele ya milima yetu, lakini baridi yao inaleta theluji. Baba yake alikuwa mpika mikate na alikuwa na duka dogo karibu na stesheni ya treni. Shule ya kijiji ilikuwa chumba kimoja na mwalimu mmoja, watoto wa miaka yote pamoja. Claude hakuidharau shule ile hata alipokuwa mzee. Aliiona ni shule nzuri. Na asubuhi, saa kumi na mbili, yeye ndiye alikuwa anapiga kengele ya kanisa.

Mama yake alishikwa na kansa ya ziwa. Mtoto aliiona ile ugonjwa ikiendelea nyumbani, mwaka nyuma ya mwaka, na alipokuwa na miaka saba, mama akafa. Nawaomba mshike jambo hili, kwa sababu mengine yote yanafuata nyuma yake.

Kisha jamaa ilihama kwenda Athus, fasi ya viwanda vya chuma karibu na mpaka wa Luxembourg. Kule aliwekwa katika shule iliyofundisha Kijerumani. Hakukaa sana. Ndugu wa baba ao wa mama akipata ugonjwa, nani anatumwa kumtunza? Ni mtoto mdogo. Vile ilikuwa hata Ulaya: mjomba mmoja alipooza kwa sababu ya damu kuvuja katika ubongo, na Albert akarudishwa Longlier kumwangalia. Masomo yakakatika pale. Sekondari hakuimaliza. Alipokuwa kijana akaingia kiwandani kwa kujifunza kazi, na mwisho akawa mchoraji wa mapande ya mashini.

Mwaka 1914 Wajerumani wakaingia Ubelgiji. Claude alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano tu. Alijitoa kutumikia idara ya upelelezi ya Waingereza, kazi ambayo mtu akikamatwa anapigwa risasi, na akabaki ndani yake mpaka vita ikaisha. Alipewa nishani na cheo cha askari mzee wa vita.

Sasa alitaka kuwa munganga. Mlango ulikuwa umefungwa! Hakuwa na diploma ya sekondari, tena hakujua Kilatini wala Kigiriki, na bila lugha zile mbili mtu hakuruhusiwa kusomea uganga. Rafiki zangu wa mwaka wa sita mnaongojea Egzeta, mnajua moyo unavyokuwa. Alikwenda Liège kutafuta nafasi katika masomo ya migodi, kwa kuwa kule hawakuomba Kilatini. Kumbe wakati ule serikali ya Ubelgiji ikatoa sheria: wale waliotumika vitani waweze kuingia chuo kikuu bila diploma. Mwaka 1922 Claude akaandikwa katika uganga pale Liège, na mwaka 1928 akatoka munganga.

Nikisoma habari hii ninafurahi, lakini kuna kitu kinanichoma. Katika vita ile ile, askari wa Force Publique waliotoka inchi yetu waliteka Tabora mwezi wa Septemba 1916, na nyuma yao wapagazi wengi sana walibeba mizigo, wengine wakafia njiani. Hao nao walitumikia Ubelgiji. Kwao sheria kama ile ingesaidia nini? Katika Kongo nzima hakukuwa na chuo kikuu hata kimoja. Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954, miaka thelathini na minane nyuma ya Tabora. Simwekei Claude kosa lile, hapana. Ninasema tu kama kuna watoto waliozaliwa mwaka wake, huku kwetu, ambao akili zao hatutazijua kamwe.

Tuendelee. Alipopata diploma ya uganga, serikali ilimpa basi ya kwenda Berlin, katika chuo cha kutafiti kansa. Wakubwa wa pale waliamini kama kansa inaletwa na bakteri. Kijana akafanya majaribio tena kwa uangalifu, akaona kama bakteri zile zilikuwa zimechanganyika na selule za kansa zenyewe. Ni selule hizo zilizokuwa zinaotesha uvimbe, si bakteri. Alisema kweli, na kweli ile ikamkatia kukaa kwake: alilazimika kuondoka mbele ya wakati. Akahamia labo nyingine pale Berlin, akajifunza kulea selule ndani ya chupa.

Kisha aliandika barua. Aliandikia mkubwa wa Taasisi ya Rockefeller huko New York, Simon Flexner, akimweleza kazi anayotaka kufanya. Kulikuwa na kuku fulani. Mwaka 1911, katika taasisi ile, Peyton Rous alikuwa ameonyesha kama uvimbe wa kuku unaweza kuambukizwa kwa kuku mwingine kwa maji yaliyochujwa, maji ambayo selule zote zimeondolewa. Basi kuna kitu kidogo sana ndani ya maji yale, kidogo kuliko bakteri. Claude aliomba jambo moja: mniache nikamate kitu hiki, nikisafishe, nijue kimeumbwa na nini. Flexner akakubali. Mwaka 1929, kwa msaada wa shirika la kuwasaidia Wabelgiji kusoma Marekani, alifika New York. Alikuwa na miaka thelathini.

Hapa ndipo kazi inaanza, na nitakawia kidogo.

Kitu kidogo namna ile utakikamata vipi? Wale kati yetu waliokwenda kuona wachimba dhahabu mtoni wanajua kazi ya karai. Unatia mchanga na maji, unazungusha. Kizito kinabaki chini, chepesi kinakwenda na maji. Claude alifanya sawa na vile. Alisaga nyama ya uvimbe mpaka selule zikapasuka, akatia uji ule katika mashini ya kuzungusha kwa nguvu sana. Akizungusha polepole, vizito vinashuka: viini vya selule. Anamwaga maji ya juu katika chombo kingine, anazungusha zaidi: vinashuka vya kati. Tena zaidi, tena zaidi, mpaka kwa nguvu kubwa kabisa vinashuka vidogo vya mwisho. Na alikuwa na tabia ya mweka hazina mwaminifu: hakutupa kitu. Kila fungu alilipima, na mwisho jumla ya mafungu ilipaswa kulingana na selule alizoanza nazo. Watu wengi wa wakati ule hawakupenda njia hii. Waliona kama kusaga selule ni kuharibu kila kitu, na katika uji huwezi kujifunza neno.

Miaka ikapita. Kile kitu cha kuku alikifikia: fungu dogo la mwisho, lenye nguvu ya kuotesha uvimbe mara nyingi kupita nyama ya kwanza. Alilipima kwa kimia, akakuta lina asidi nukleiki ya namna tunayoita leo ARN. Hapo mtu mwingine angeandika makala, angesherehekea, kazi imekwisha.

Yeye alichukua selule za kuku wazima, kuku ambao hawana ugonjwa, akazisaga na kuzizungusha vilevile.

Na fungu dogo lilishuka. Lilifanana sana na lile la kwanza, na ARN ndani yake. Wapenzi wasomaji, muone vile neno hili lilikuwa zito. Sehemu kubwa ya kile alichofikiri ni kitu cha kansa, kumbe ni kitu cha kila selule, ya mgonjwa na ya mzima. Kansa ilikuwa imemponyoka mikononi. Lakini mikononi mulibaki kitu ambacho mtu hakukijua: selule yenyewe ina vyombo ndani, vidogo hata mikroskopi haivioni, na vinaweza kutolewa kimoja kimoja na kupimwa. Mwaka 1943 aliviita mikrosomu, maana yake vimwili vidogo. Mwanzoni alifikiri labda ni vipande vya mitokondri. Baadaye aliacha mawazo yale. Mimi ninapenda ukurasa huu wa maisha yake kuliko ule wa sifa na zawadi.

Sasa alitaka kuviona kwa macho. Mikroskopi ya mwanga, hata ile ya bei kali, haiwezi. Sababu si kioo kibaya. Mwanga wenyewe ni mawimbi, na kitu kilicho kidogo kupita wimbi hakirudishi sura yake. Mpaka ni karibu sehemu moja ya elfu tano ya milimeta. Ngozi ya selule, ile tunayochora kwa mstari mmoja wa kalamu, ni nyembamba zaidi: ukizipanga ngozi zaidi ya laki moja moja juu ya nyingine, ndipo unapata milimeta moja.

Huko Berlin, mwaka 1931, Ernst Ruska na Max Knoll walikuwa wametengeneza mikroskopi isiyotumia mwanga bali elektroni, zinazoongozwa na sumaku. (Claude alikuwa ametoka Berlin miaka miwili mbele. Mara nyingine mtu anapishana na bahati yake njiani.) Wimbi la elektroni ni fupi sana, basi linaweza kuonyesha vitu ambavyo mwanga hauvioni. Lakini mashini ile ina masharti makali. Ndani yake hewa yote inaondolewa, kwa hiyo kitu chenye maji hakiwezi kukaa. Kila kitu kikauke kwanza. Tena elektroni hazipiti katika kitu kinene. Nyama inakuwa giza tupu.

Taasisi ya Rockefeller haikuwa na mashini ile. Kampuni moja ya wino na rangi katika New York, Interchemical, ilikuwa nayo, na ilimkubalia kuitumia. Fundi wake aliitwa Ernest Fullam. Tena kulikuwa na kijana wa labo, Keith Porter, mwenye mkono mzuri wa kulea selule. Porter aliotesha selule za kifaranga kilichokuwa bado ndani ya yai, si juu ya kioo, bali juu ya karatasi nyembamba sana ya plastiki. Selule zikijitandaza pale, zinakuwa nyembamba kandokando kama chapati iliyosukumwa vizuri. Waliziua kwa mvuke wa osmiumu ili zisibadilike sura, wakazikausha, wakazitia chini ya elektroni.

Picha ilitoka katika jarida mwaka 1945, na majina matatu: Porter, Claude na Fullam. Ni selule moja nzima, imekuzwa mara 1600, picha kadha zimeunganishwa pamoja. Haina rangi, ni nyeusi na kijivu tu. Lakini mtu aliweza kuona mitokondri kama nyuzi, na katikati yake wavu mwembamba, sawa kitambaa cha lesi, umetandaa ndani ya selule. Wavu ule haukuwa katika kitabu chochote. Baadaye ukapewa jina la retikulumu ya endoplasma, lile linalotusumbua ubaoni.

Wavu huo ni nini? Ni ngozi. Selule haina ngozi ya inje tu. Ndani yake mumejaa ngozi zingine, zimekunjwa na kupangwa kama mitaa na vichochoro. Juu ya ngozi hizo zimeshikamana ribosomu, na pale protini nyingi za mwili zinatengenezwa, kama insulini inayokosa kwa mgonjwa wa sukari. Na zile mikrosomu za Claude? Zilikuwa hasa vipande vya wavu ule, uliokatikakatika wakati wa kusaga. Njia mbili, ya karai na ya picha, zilikutana katika kitu kimoja. Aliyeonyesha hayo vizuri ni George Palade, kijana wa Romania aliyefika katika labo mwaka 1946 na kuendelea na kazi pale Claude alipoiacha.

Mwaka 1949 Claude alirudi Ubelgiji. Pale Brussels aliwekwa kuwa mkubwa wa Taasisi ya Jules Bordet, hospitali na labo ya kansa, akakaa katika kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini. Ya biro na ya mikutano sina mengi ya kusema juu yake. Alipenda urafiki wa wasanii, kama Paul Delvaux mchoraji na Edgard Varèse wa muziki. Alikuwa ameoa Marekani, wakapata binti mmoja, ndoa haikudumu.

Mwaka 1974 zawadi ya Nobel ya uganga iligawanywa kwa watu watatu: Claude, Palade, na Christian de Duve, Mbelgiji mwingine wa chuo kikuu cha Louvain, aliyechukua ile njia ya kusaga na kuzungusha akagundua lisosomu. Claude alikuwa mzee wa miaka sabini na mitano, na kazi iliyomletea zawadi ilikuwa imekwisha miaka ishirini na mitano mbele.

Mashini ya elektroni ilifika mpaka katika habari zetu. Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana uliua watu Yambuku, kaskazini ya inchi yetu. Damu ilipelekwa Ulaya na Marekani, na chini ya mikroskopi ya elektroni waganga wakaona kitu kirefu kilichojikunja kama mnyoo: Ebola. Kuanzia 2018 mpaka 2020 sisi wa Beni, Butembo na Katwa hatukuhitaji mtu wa kutueleza jina lile. Watu 2287 walikufa. Wakati ule kulikuwa na maneno mengi njiani, kama ugonjwa hauko, kama ni biashara ya watu. Virusi ile inaingia mwilini kwa kushikamana na ngozi ya selule na kupenya ndani. Na dawa mbili zilizoonekana kusaidia wagonjwa katika majaribio yaliyofanywa huku kwetu zinafanya kazi kwa kuishika mbele haijapenya. Nani angelijua hayo, kama selule ingebaki mfuko wa uji?

Claude hakupumzika. Alipoacha Taasisi ya Bordet, aliendelea na labo pale Louvain-la-Neuve, bado juu ya kansa, bado juu ya ngozi za selule. Alikufa Brussels mwezi wa Mei 1983.

Kansa iliyomchukua mama yake hakuipatia dawa. Mwaka 1998, huko Marekani, ilikubaliwa dawa moja ya kansa ya ziwa inayoshika protini fulani iliyo kwenye ngozi ya selule, na kuizuia isiite selule kuzaana. Yeye alikuwa amekwisha lala kaburini miaka kumi na mitano.